Uliza Ujibiwe: Kibarua cha Kijana Kilipwe Kiasi Gani?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, vijana hupita nyumba hadi nyumba wakiomba vibarua, na maswali ya malipo huongezeka. Tumechagua saba. Kiasi cha fedha tunachotaja ni cha kuonyesha hesabu tu. Cha kwenu mtakipata kwa kuuliza bei za mtaa wenu.

SWALI: Nina uwanja nyuma ya nyumba, nyasi zimefika kiunoni. Kijana wa jirani, miaka 16, yuko likizo na amekuja kuomba afyeke. Nilipomuuliza anataka shilingi ngapi akanijibu, "Utakachonipa, mama." Sitaki kumlalia mtoto wa mwenzangu, wala sitaki kuharibu bei ya mtaa. Nimpe ngapi? – Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: "Utakachonipa" aliisema kwa adabu, usiichukue kama bei. Kijana aliyelelewa vizuri huona haya kumtajia mtu mzima kiasi anachotaka, na haya hiyo ndiyo inayowafanya wengi walipwe hela ya soda kwa kazi ya siku nzima. Kwa hiyo bei itaje wewe, na uitaje kabla hajashika fyekeo.

Anza kwa kuuliza mtu mzima analipwa ngapi. Waulize vibarua wawili watatu pale kijiweni wanapokaa wakisubiri kazi: kufyeka siku nzima, bila chakula, ni shilingi ngapi? Usiishie kumuuliza jirani aliyewahi kuajiri, maana mwajiri hukumbuka bei ya chini zaidi aliyowahi kulipa. Tuseme wamekwambia 12,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki ya siku 6, yaani saa 7 na nusu kwa siku. Gawa 12,000 kwa 7.5 upate 1,600. Hiyo ndiyo bei ya saa moja ya kufyeka mtaani kwenu, afyeke mzee au afyeke kijana.

Sasa pima kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatazama uwanja kwa macho na kusema "hii ni kazi ya asubuhi tu." Chukua kamba, pima urefu na upana. Tuseme ni mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Kisha mwambie kijana afyeke kipande cha mita 5 kwa 5 huku unaangalia saa. Kipande hicho nacho kinalipwa, kwa kuwa ni sehemu ya kazi. Kikimchukua dakika 20, jua uwanja mzima una vipande 12 vya namna hiyo: dakika 240, saa 4. Ongeza saa 1 ya kukusanya nyasi na kuzipeleka shimoni, na nusu saa ya kunoa na kupumzika. Jumla saa 5 na nusu. Zidisha kwa 1,600 upate 8,800, mpe 9,000.

Kipande cha majaribio kinafichua mambo ambayo macho hayayaoni: mawe yaliyojificha, visiki, nyasi zilizolala baada ya mvua. Kwa wenye maeneo makubwa, kumbukeni ekari moja huhesabiwa hatua 70 kwa 70, kwa hiyo robo ekari ni hatua 35 kwa 35. Msipatane kwa "ngwe", yaani kipande cha shamba anachokatiwa mtu kulima, kabla hamjaipima wote wawili, kwa sababu ngwe ya shamba moja si ngwe ya shamba la pili.

Utauliza: lakini huyu ni mtoto, je, si mwepesi wa kuchoka kuliko mtu mzima? Inawezekana. Ndiyo maana tunashauri apewe bei ya uwanja mzima mara tu mkishapima. Akienda polepole, muda unaopotea ni wake na wewe hupati hasara. Ukishusha bei tena kwa sababu ya umri wake, utakuwa umemkata mara mbili kwa kosa moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataka mtoto anayefanya kazi alipwe ujira unaolingana na thamani ya kazi aliyoifanya.

Linganisha pia na kima cha chini cha serikali. Amri ya Mishahara ya sekta binafsi hutaja kiwango cha kila sekta kwa saa, kwa siku na kwa mwezi, na amri mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Ukikuta cha mwezi peke yake, gawa kwa 195 upate cha saa, au kwa 26 upate cha siku. Usishuke chini ya hapo. Lakini bei ya mtaa ikiwa juu ya kima hicho, usikitumie kushusha bei. Mwenye mshahara wa mwezi ana likizo na ana uhakika wa kesho, ilhali kijana huyu akimaliza uwanja wako hajui kazi nyingine itatoka wapi.

Yamebaki mambo madogo yanayoleta ugomvi mkubwa. Fyekeo la nani? Akija na lake, ongeza kidogo kwa ajili ya kulichakaza, na uwe na tupa ya kunolea, maana fyekeo butu humla nguvu na kazi ikachukua karibu muda maradufu. Nyasi zitupwe wapi? Mpaka uko wapi? Ukishaonyesha mpaka, usiseme saa 8 mchana, "malizia na hapo pembeni kidogo." Hapo pembeni pana bei yake. Chai ya saa 4 na maji ya kunywa ni ukarimu wako, visiingie kwenye hesabu ya ujira. Avae mabuti na suruali ndefu, watoto wakae mbali naye, na akijikata, gharama ya zahanati ni yako.

SWALI: Tunakaa mlimani, maji hayapandi. Vijana wawili, mmoja ana miaka 15 na mwingine 18, hutuletea madumu ya lita 20 kutoka bombani. Tunawalipa 400 kwa dumu, maji humo humo. Wanasema tunawapunja, sisi tunaona ndiyo bei ya siku zote. Nani ana haki? – Wapangaji wanne, Mwanza

JIBU: Kwanza tenganisheni bei ya maji na bei ya kubeba. Mkichanganya, kila kioski kinapopandisha bei wanaokatwa ni vijana. Hela ya maji itoeni ninyi, ijulikane peke yake.

Kisha mmoja wenu ashuke nao na saa mkononi. Tuseme kushuka ni dakika 6, foleni dakika 5, kujaza dakika 2, kupanda na mzigo dakika 12. Hiyo ni dakika 25, maana yake tripu 2 na nusu hazitimii ndani ya saa moja, ni 2.4. Kama dumu la maji ni 50, kijana anabaki na 350 kwa tripu, yaani 840 kwa saa. Sasa ulizeni kibarua wa kawaida hapo kwenu anapata ngapi kwa saa. Ikiwa ni 1,600, gawanyeni kwa 2.4 mpate takriban 670. Bei ya haki ya kubeba ni kama 700 kwa dumu, na maji mbali. Kwa hesabu hiyo, vijana wana haki.

Foleni ndiyo inayoua malipo ya kwa dumu. Siku maji yanatoka kidogo, mtu anakaa dakika 40 akisubiri, na tripu moja inakula saa nzima. Pataneni kabisa: foleni ikizidi dakika 15, dumu linaongezewa kiasi fulani, mkitaje mapema. Vinginevyo siku ngumu kuliko zote ndiyo siku wanayolipwa kidogo kuliko zote.

La mwisho, uzito. Lita 20 za maji ni kilo 20 kabla hujahesabu dumu lenyewe. Kwa kijana wa kilo 40 hiyo ni nusu ya mwili wake, tena anapanda mlima. Huyo wa miaka 15 apewe dumu la lita 10, na malipo yake yahesabiwe kwa muda wa tripu, kwani njia anayopanda ni ile ile.

SWALI: Nina miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, nafanya saidia fundi. Fundi aliniambia "wewe njoo, tutaelewana." Nimefanya siku 6, tumemwaga zege hadi usiku, mwisho kanipa nusu ya nilichotegemea. Nifanye nini? – Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana. "Tutaelewana" ni neno la kuogopa kuliko mfuko wa saruji wa kilo 50, kwa sababu linaahirisha mazungumzo hadi siku ambayo nguvu zako zimeshatumika na huna cha kumnyima mwenzako.

Kwa deni hili, andika leo hii kwenye daftari tarehe zote 6, saa ya kuingia na kutoka, kazi iliyofanyika kila siku, na majina ya mliokuwa nao. Halafu mtumie fundi ujumbe wa heshima: "Fundi shikamoo, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi nilifanya siku 6, nimepokea kiasi hiki, naomba tumalizie kilichobaki." Akijibu "nitakumalizia," tayari amekiri kwa maandishi. Usifute. Akinyamaza, nenda na mwenzako mmoja kwa mwenye nyumba. Mara nyingi fundi ndiye aliyepatana kazi nzima kwa bei ndogo, akaja kufidia kwa saidia wake, na mwenye nyumba hajui. Ikishindikana, ofisi ya serikali ya mtaa huwaita pande zote na kuwakalisha. Juu ya hapo kuna Afisa Kazi na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo yanatakiwa kufikishwa kwenye Tume ndani ya siku 60, kwa hiyo ahadi za "mwezi ujao" zisikumalizie muda.

Kwa kazi ijayo, uliza mambo manne kabla ya kukubali: nani ananilipa, ni fundi au mwenye nyumba? Ni kiasi gani kwa siku? Nalipwa jioni au Jumamosi? Na siku ya zege je? Hili la zege lisikupite. Zege likianza kumwagwa halikatizwi katikati, maana sehemu iliyokauka haishikani vizuri na iliyomwagwa baadaye, kwa hiyo siku hiyo huwa haina saa ya kutoka. Sheria inataka saa ya ziada ilipwe mara 1.5. Kama mmepatana 20,000 kwa siku ya saa 7 na nusu, saa moja ni takriban 2,667 na ya ziada ni 4,000. Umeanza saa 1 na nusu asubuhi, ukala mchana saa nzima, muda wako unaisha saa 10 jioni. Mkitoka saa 1 usiku, ni saa 3 za ziada: 12,000 juu ya 20,000. Mkishapatana kwa mdomo, mtumie fundi ujumbe mfupi wenye mapatano hayo usiku ule ule. Ujumbe mmoja tu umetosha kumaliza ubishi mwingi.

Ukifika ukafanya siku moja bila kulipwa kama mlivyopatana, siku ya pili usipande jukwaani hadi ulipwe ya kwanza. Kupoteza siku moja kunauma. Kupoteza 6 kunaua mwezi.

SWALI: Binti yangu ana miaka 15, anasuka vizuri sana. Majirani wanakuja jioni na wikendi, wanamwachia 2,000, wengine "nitakuletea." Atoze ngapi? – Mama wa Tanga

JIBU: Binti yako ana ufundi, kwa hiyo saa yake haipaswi kuwa chini ya ya mtu anayefyeka. Tuseme kufyeka hapo kwenu hakuzidi 1,500 kwa saa, na mmekubaliana nyumbani kwamba saa moja ya binti ni 1,500. Kichwa cha mtindo wa yeboyebo wa mistari ya wastani kikimchukua saa 4, hiyo ni 6,000. Ongeza mafuta, jeli na uzi anaotumia, tuseme 1,000. Bei ni 7,000. Saluni itakuwa juu ya hapo kwa sababu inalipa kodi ya fremu na umeme, na tofauti hiyo ndiyo faida ya mteja aliyekuja kwenu. Mteja asitake faida nyingine kutoka kwenye mikono ya binti.

Kosa linalowaumiza wasusi wadogo ni kutaja bei kwa jina la mtindo. Mteja anakubali 7,000, anakaa, kisha anasema, "nifanyie nyembamba nyembamba." Mistari ikiwa nusu ya unene, idadi yake inakaribia mara mbili, na saa 4 zinakuwa 7. Kwa saa 7 bei ni 10,500, na vifaa vya 1,000: 11,500. Kwa hiyo binti asuke mstari mmoja wa mfano, mteja auone na aukubali, ndipo bei itajwe. Urefu na wingi wa nywele pia viangaliwe kabla. Kufumua nywele za zamani na kuchana vina bei yake, maana vinaweza kula saa nzima.

Rasta aje nazo mteja. Kama binti amenunua, hela ya paketi ilipwe kwanza, mbali na hela ya kusuka, kwa sababu paketi asiyolipwa inamrudisha nyuma kuliko kichwa asicholipwa.

Hao wa "nitakuletea" shughulika nao wewe, mama. Mtoto wa miaka 15 hawezi kumdai mke wa balozi wa nyumba kumi. Mteja akiingia, wewe ndiye umwambie, "Karibu, kusuka ni 7,000, unampa yeye mwenyewe akimaliza." Na asukie nyumbani kwenu, mchana, si kwa wateja wasiojulikana. Sheria inaruhusu mtoto aliyefika miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia shule, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Jumapili jioni kabla ya shule, hakuna kichwa.

SWALI: Nilimpa kijana anioshee gari kwa 5,000, akavunja kioo cha pembeni. Kipya ni 45,000. Nikatae kumlipa? – Msomaji wa Arusha

JIBU: Usikatae. Sheria ya ajira inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa uharibifu pale tu kosa ni lake, baada ya kumweleza kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi ulivyokihesabu, na kumpa nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato yote yasizidi robo ya malipo yake. Robo ya 5,000 ni 1,250. Kwa hiyo si chini ya 3,750 ni zake kwa vyovyote. Jiulize pia kama kosa ni lake kweli: kioo kilikuwa kimelegea? Ulimwonyesha namna ya kukikunja? Ulimhimiza amalize haraka kwa sababu ulikuwa unachelewa safari?

Ushauri wetu ni kumlipa yote na kulichukua hilo kama gharama ya kumiliki gari. Vibarua 9 vizima vya kuosha gari ndivyo vinavyonunua kioo hicho, na hakuna kijana anayekubali kazi ya 5,000 akijua anabeba hatari ya 45,000.

SWALI: Mtoto wa miaka 13 ameomba nimpe karanga auze stendi, nimlipe asilimia ngapi? – Mfanyabiashara, Dodoma

JIBU: Hakuna asilimia ya haki hapo. Chini ya miaka 14 haajiriwi. Zungumza na mzazi wake ujue kilichomsukuma, na kama shida ni daftari au sare, kuzinunua ni rahisi kuliko kumtuma stendi. Na kwa wote mnaouliza juu ya kazi za hatari, kama kunyunyizia dawa za wadudu, kushuka kwenye shimo la choo au kisima, au kuchimba madini: aliye chini ya miaka 18 hafanyi, hata kwa malipo mara tatu. Hewa chafu ya shimoni huua mtu ndani ya dakika chache, na mara nyingi humuua pia anayeshuka kumwokoa.

SWALI: Mpwa wangu, miaka 17, tunaishi naye na tunamsomesha. Likizo hii ananisaidia kujenga banda la kuku wa biashara. Mume wangu anasema kumlipa mtu anayekula kwetu ni kumharibu. Je, ni kweli? – Mama mfugaji, Iringa

JIBU: Kuosha vyombo, kufagia uwanja, kuteka maji ya nyumbani, hayo anafanya kama wenzake wote ndani ya nyumba na hayalipwi. Banda la biashara ni jambo jingine. Jiulizeni: asingekuwepo, mngemwita mtu na kumlipa? Kama jibu ni ndiyo, basi mnachookoa ni jasho lake, na anastahili ujira wake. Wali anaokula na ada mnayomlipia ni malezi. Mlishaamua kuvitoa kabla wazo la kuku halijaja. Mkianza kuvikata kwenye banda, mtakuwa mmegeuza malezi kuwa deni.

Hesabuni kwa siku alizofanya au kwa sehemu ya kazi: nguzo zote kusimama, ukuta wa mabanzi kukamilika, wavu kufungwa, bati kupigwa. Mlipeni kila sehemu inapokwisha, msingoje kuku watage. Mumeo kama anahofia atazichezea, mshaurini aweke akiba, lakini ashike kwanza mkononi na ahesabu mwenyewe. Mkiona ni heri kuzituma kwenye simu ya mama yake, kijana aambiwe ni kiasi gani kimetumwa, na muongeze ya kutolea.